Je, wajua kwanini kampeni za tohara Iringa na Njombe huja na baridi ya mwezi wa sita?

Kama umewahi kukaa Njombe mwezi wa sita unaijua baridi yake, asubuhi unafungua mlango nyasi nyeupe kwa barafu, watu wamevaa makoti mawili na kofia ya sufu imeshushwa mpaka masikioni. Sasa kwenye baridi hiyohiyo ndo unasikia gari la matangazo linapita mtaani, spika juu ya paa, linawaita wanaume waende kutahiriwa bure. Mtu wa Tanga au Zanzibar akisikia hivyo anashangaa mara mbili, kwanza kumbe kuna watu wazima hawajatahiriwa, halafu kwanini basi wasubiri baridi?

Hilo la kwanza ni mila tu. Wahehe, Wabena na Wakinga asili yao hawana jando la kutahiri kama walivyo Wazaramo, Wamakonde au Wakurya, na naomba tusiwacheke maana kila kabila lina yake. Utafiti wa kitaifa wa 2007-08 ulikuta karibu wanaume 7 kati ya 10 nchini wametahiriwa, ila mkoa wa Iringa, ambao kipindi hicho Njombe ilikuwa bado ndani yake, walikuwa kama 3 tu kati ya 10. Na utafiti huohuo ukakuta maambukizi ya VVU Iringa ni asilimia 15.7 wakati taifa zima ni asilimia 5.7. Yaani karibu mara tatu!

Sio kwamba tohara ndo sababu pekee, hapana. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapohapo, Makambako malori yanalala usiku kucha, kuna mashamba ya chai, kuna mbao, vijana wanahama kutafuta vibarua na kuacha familia nyumbani. Ila tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walishaona kwamba sehemu nyingi za Afrika ambako wanaume hawatahiriwi ndiko VVU imekuwa kali zaidi, wakabaki wanajiuliza ni bahati mbaya au kuna kitu.

Kuna kitu. Ule upande wa ndani wa govi ni laini na una unyevu, na karibu na juu kabisa ya ngozi kuna seli za kinga zilezile ambazo kirusi kinazitafuta kiingilie mwilini, halafu wakati wa tendo ngozi hiyo inajivuta na kupata michubuko midogo ambayo hata mwenyewe huioni. Ikiondolewa, mlango mkubwa umefungwa. Wakapima kwa majaribio matatu, Orange Farm Afrika Kusini, Kisumu Kenya na Rakai Uganda, ya Kisumu peke yake ilikuwa na vijana 2,784, wengine wakatahiriwa mwanzoni na wengine wakaambiwa wasubiri. Matokeo yalikuwa wazi kiasi kwamba majaribio yalisimamishwa kabla ya muda ili wale wanaosubiri nao wapewe huduma, maana tohara ilipunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo, na Tanzania ikawa moja ya nchi zilizoambiwa hii ni ya kwenu, fanyeni haraka. Asilimia 60 sio 100 lakini, kondomu inabaki palepale.

Sasa njoo kwenye baridi. Serikali ilipoanza, ikichagua mikoa yenye tohara chache na VVU nyingi kama Iringa, Mbeya, Kagera, Mwanza na Shinyanga, ilikutana na kitu ambacho hakikuandikwa kwenye mwongozo wowote. Watu wa nyanda za juu wanaamini kidonda kinapona vizuri wakati wa baridi, kwamba joto linaleta jasho na usaha. Kitaalamu, kidonda cha hospitali kilichokatwa kwa vifaa safi na kushonwa kinapona mwezi wowote. Wangeweza kukaa wanabishana na wananchi miaka kumi. Badala yake wakaifuata imani, wakaweka kampeni juni na julai, shule zimefunga, mavuno yanaelekea kuisha, mtu ana nafasi ya kupumzika nyumbani siku mbili tatu. Mimi naona huo ndo uamuzi wa busara kuliko yote kwenye huu mradi.

Mwaka 2010 Iringa walifanya kampeni ya wiki 6 tu kwenye vituo vitano, wakalenga watu kama 6,000, wakatahiri 10,352. Waliwezaje? Manesi walifundishwa kufanya kazi ambayo zamani ilikuwa ya daktari, vitanda vikapangwa kadhaa kwa mpasuaji mmoja, huyu anapigwa ganzi, yule anakatwa, wa tatu anafungwa bandeji, vifaa vya kila mtu viko tayari kwenye pakiti yake. Na kabla ya kisu kuna ushauri, kupima VVU kwa hiari na kuangaliwa magonjwa ya zinaa, kwahiyo mwanaume ambaye miaka yote hajakanyaga hospitali anajikuta kapimwa.

Ila wengi waliokuja walikuwa chini ya miaka 20. Baba zao hawakuja, na hapa ndo panaponiuma. Watafiti walipowauliza wanaume wazima Iringa na Njombe walisema wanaona aibu kukaa foleni na watoto, wanaogopa kukosa kipato siku za kupona, wengine wanahofia zile wiki sita za kukaa bila tendo mpaka kidonda kipone, mke atatoka nje.

Mjomba wangu ni mmoja wao. Ana miaka 43, fundi mbao, alifika kituo kimoja cha afya siku za likizo akakuta benchi limejaa wavulana wa darasa la saba, mmoja wao mtoto wa jirani yake, akamsalimia "shikamoo baba" kwa heshima zote. Mjomba akaitikia marahaba, akajifanya kaja kuuliza dawa ya kikohozi, akarudi nyumbani. Alikaa miaka miwili hajarudi.

Baadaye sehemu nyingine zikaanza kutenga muda na chumba cha wakubwa peke yao, na wake zao wakaanza kushirikishwa. Mjomba alirudi kwa staili hiyo, jumamosi jioni, shangazi, yaani mkewe, ndo kampeleka, wakakuta wanaume wanne wa rika lake na hakuna mtoto. Nusu saa hivi kamaliza. Alirudi kavaa kitenge cha shangazi kiunoni, koti kubwa juu, anatembea miguu imeachana polepole kama anayevuka mto.

Utaratibu wa baada ya hapo ni huu, na tafadhali usiuruke: unarudi kuangaliwa baada ya masaa 48, halafu siku ya saba, kidonda unakiweka kikavu na kisafi, hupaki majivu wala dawa ya mtaani, na tendo la ndoa mpaka wiki sita ziishe hata kama unajiona umepona, kwasababu kidonda ambacho hakijakauka ndani kinapokea VVU kirahisi kuliko hata ulivyokuwa mwanzo. Ukiona damu haikati, usaha au homa usisubiri tarehe, rudi hapohapo.

Njombe bado inaongoza nchi nzima kwa maambukizi, asilimia 12.7 kwenye utafiti wa 2022-23. Mjomba sasa kila mwaka baridi ikianza anawapitia mafundi wenzake pale kwenye mashine ya kupasulia mbao, anawaambia siku ya wakubwa ni lini.