Boti ya jeti ni nini?

Maji yakitoka, nahodha wa boti ya mashine anayekaribia ufukwe huinua mashine kwanza, mengine baadaye. Asipofanya hivyo, panga, yaani kile chuma kinachozunguka majini na kuisukuma boti, au rafadha kama vitabu vinavyoliita, litagonga jiwe au kulima mchanga. Boti ya jeti ni chombo ambacho panga hilo halipo kabisa, na ajabu ni kwamba aliyekitengeneza hakuwa mtu wa bahari. Alikuwa mfugaji wa kondoo.

Huyo ni William Hamilton wa Irishman Creek, katika Kisiwa cha Kusini cha New Zealand. Mito ya kwao hushuka kutoka milima ya theluji, kisha hutawanyika juu ya changarawe kama nywele zilizosukwa: vijito vingi, kina kidogo. Hamilton alitaka kuipanda mito hiyo kwa boti. Kusukuma chombo kwa pampu hakukuwa wazo jipya, naye hakudai kulivumbua; alipenda kusema sifa ni za Archimedes, yule mtaalamu wa Ugiriki ya kale. Majaribio yake ya mwanzo, miaka ya 1950, yalikwenda polepole kwa sababu maji yalitokea chini ya boti. Alipolihamisha tundu la kutokea, likawa nyuma, juu kidogo ya usawa wa maji, kasi ikapanda. Mwaka 1960 boti zake zilipanda mto Colorado kupitia Grand Canyon huko Marekani, zikienda kinyume cha maji. Mwaka 1977 Edmund Hillary, yule aliyefika kilele cha mlima Everest, alizitumia kuupanda mto Ganges wa India kuanzia baharini.

Anayemjua ngisi ameshaelewa nusu ya habari. Ngisi hujaza maji mwilini, huyabana, huyatoa kwa nguvu kwenye mrija mwembamba, naye hurushwa upande wa pili. Boti ya jeti hufanya vivyo hivyo mfululizo. Maji huingia kwenye tundu lenye wavu chini ya boti, injini huzungusha pampu iliyo ndani, na maji hufyatuka nyuma kupitia mdomo mwembamba. Boti ikishashika kasi hunyanyuka na kuteleza juu ya maji, hata inapita penye kina cha sentimita 10 hivi. Ikisimama hapohapo, inakwama.

Usukani nao si wa kawaida. Nyuma hakuna ubao wa kukata maji. Nahodha hugeuza ule mdomo, na maji yanayofyatuka ndiyo yanayoielekeza boti. Kwa hiyo ukiachia mafuta, unaachia na usukani. Waliowahi kukodi jetski, ile pikipiki ya majini, ufukweni wanapaswa kulijua hili, maana mashine ni ya aina hiyohiyo. Mgeni akiona kitu mbele huachia mafuta kwa hofu, kisha anakata kona, na chombo kinaendelea kwenda mbele moja kwa moja. Kwa maoni yangu, hilo lingetakiwa kuelezwa kabla ya bei.

Starehe ilikuja baadaye. Katika mto Shotover, karibu na mji wa Queenstown hukohuko New Zealand, ambako watu walimiminika kutafuta dhahabu mwaka 1862, abiria wamekuwa wakipelekwa kwa boti hizi tangu miaka ya 1960. Korongo ni jembamba, kuta za mawe ziko pande zote, na mwendo unapita kilomita 80 kwa saa. Nahodha akiinua kidole juu na kukizungusha, abiria hukamata vyuma vilivyo mbele yao: boti inazunguka duara zima papo hapo. Inaweza kwa sababu chini hakuna panga wala usukani wa kung'ang'ania maji, basi sehemu ya nyuma ya boti inateleza tu.

Matangazo husema ni burudani ya rika zote. Kuna ukweli ndani yake: tofauti na kuteremka maporomoko kwa boti ya mpira, hapa hakuna anayepiga kasia, hivyo bibi na mjukuu wanaweza kukaa benchi moja, wamevaa majaketi ya kuokolea, kazi yao ikiwa kushikilia na kupiga kelele. Lakini mtoto aliye mfupi mno hukataliwa, na wajawazito na wenye maumivu ya mgongo au shingo hushauriwa wabaki nchi kavu. Mitikisiko ile si ya mchezo. Nguo za kubadili nazo ni lazima.

Jambo linalowatisha wengi ni kuona jiwe linakuja na nahodha hapunguzi mwendo. Wanadhani anajionyesha, na pengine kidogo ni kweli. Lakini akiachia mafuta pale, boti inashuka ndani ya maji, inatafuta mawe ya chini, na usukani haumtii tena. Anachofanya ni kukanyaga, anageuza, ukuta unapita ubavuni.