Fungate Zanzibar: anzeni na lenzi, bodi baadaye

Maharusi ninaowapiga picha hapa Dar huniuliza sana, siku ya harusi ikikaribia: tukienda fungate Zanzibar tununue kamera gani? Mimi huwarudisha kwenye lenzi. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, iliyotoka miaka mitano nyuma bado inapiga picha safi kabisa, lakini lenzi hafifu itabaki hafifu hata ukiifunga kwenye bodi mpya iliyotoka jana.

Fikirini mtakuwa wapi, saa ngapi. Ufukweni Nungwi saa nne asubuhi simu inawatosha. Picha mtakazozitafuta miaka ijayo ni za jioni na usiku: Forodhani taa zikishawaka, vichochoro vya Mji Mkongwe, chumba chenye taa moja pembeni ya kitanda. Hapo ndipo lenzi ya kuvuta (zoom) inayouzwa pamoja na kamera huishiwa nguvu. Chukueni ile ya 18-45mm inayokuja na Canon EOS R50: ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake la kupitishia mwanga halifunguki kupita f/6.3 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 12 zaidi. Maana yake, pale ambapo ungepiga kwa sehemu ya kumi ya sekunde na sura ya mwenzako ikatoka imefifia, sasa unapiga kwa 1/125 na kila unywele unaonekana.

Kwenye Canon, RF 50mm f/1.8 ina bei nafuu na gramu 160 tu. Ila kwenye sensa ndogo ya R50, yaani ile sehemu ya ndani inayonasa picha, inaona eneo jembamba, kama lenzi ya 80mm: kwa sura ni tamu sana, lakini chumbani utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta. Kwa safari ya watu wawili napenda zaidi 35mm, inayoona eneo pana zaidi. Wenye Sony ya sensa ndogo wana E 35mm f/1.8, nayo ni nyepesi.

Mkinunua lenzi iliyotumika, na mimi siipingi kabisa, ogopeni fangasi. Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, na lenzi iliyokaa miaka kabatini huota ndani. Washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma ya lenzi, angalia kwa mbele ukiigeuzageuza. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, rudisha hata kama muuzaji anapunguza bei. Kusafisha ni kazi ya fundi, na tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo linaweza kuwa limeshaliwa na fangasi. Ya kwenu itunzeni na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Unyevu huohuo utawasubiri mlangoni mwa hoteli. Kamera iliyolala kwenye kiyoyozi ikitolewa nje ghafla hupata ukungu kwenye kioo, na mkibadilisha lenzi wakati huo mnauingiza ndani. Iacheni kwenye begi lililofungwa kama nusu saa kwanza.

Kadi za memori za bandia ni nyingi sokoni: imeandikwa GB 128, ndani hamna hata robo. Inajaa, kamera inaendelea kupiga, picha hazipo. Ijazeni yote nyumbani kwa programu ya kupima kadi, H2testw kwa wenye Windows au F3 kwa wenye Mac, kabla ya safari. Nunueni mbili.

Lenzi ndefu ya wanyama, kama mtapitia Mikumi, kodini. Droni iacheni, maana bila kibali mtaingia kwenye matatizo. Betri za akiba zikae kwenye begi la mkononi, siyo kwenye mzigo wa chini ya ndege.

Na vyote hivi vinunuliwe mwezi mmoja kabla, ili kwenye kitchen party na sendoff dada au rafiki aishike kamera hiyo, nanyi mzoee menyu, hasa ile sehemu ya kuwasha ufuatiliaji wa macho, kamera ilenge yenyewe macho ya mtu.