Masharti ya babu kwa betri ya mjukuu: dhana potofu kuhusu betri za kuchaji

Karibu kila sharti unalosikia kuhusu betri za kuchaji liliwahi kuwa kweli, ila lilikuwa kweli kwa betri nyingine. Mzee alikuambia umalize chaji yote kabla ya kuchaji tena, na hakukosea: betri aliyoizoea yeye ilikuwa ya nikeli na kadimiamu. Betri ikabadilika, sharti likabaki. Ndiyo maana nikiulizwa swali lolote la betri, jibu langu la kwanza huwa la kukera: ni ya aina gani? Igeuze, soma ubavuni.

Kwenye droo yangu ziko za koo nne, na tatu kati ya hizo zimevaa umbo lile lile la AA, betri ndogo ya mviringo iliyozoeleka. Kuna alkalini, ambayo haichajiwi. Kuna ya nikeli na metali haidridi, iliyoandikwa NiMH, ambayo ndiyo betri ya kuchaji ya kawaida ya nyumbani. Kuna lithiamu yenye kitundu cha waya wa USB. Ya nne ni ya risasi, imefungiwa ndani ya tochi kubwa ya kuchaji. Kila ukoo una miiko yake, na mwiko wa mmoja ni dawa ya mwingine.

"Maliza chaji yote kwanza, la sivyo betri itazoea"

Msweden Waldemar Jungner alibuni betri ya nikeli na kadimiamu mwaka 1899, na kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa betri ya kuchaji ya vifaa vidogo. Ilikuwa na ugonjwa wake. Ukiitumia nusu ukaichaji, ukarudia hivyo hivyo mara nyingi, fuwele za kadimiamu zilikua ndani yake na volti ikaanza kushuka mapema, pale pale ulipozoea kuiachia. Ikasemwa kwamba betri ina kumbukumbu. Dawa ilikuwa kuimaliza mara moja moja.

NiMH haina kadimiamu. Ugonjwa huo inao kidogo sana, si wa kumnyima mtu usingizi, na lithiamu kwa matumizi ya nyumbani ihesabu kuwa haina. Chaji unapopata nafasi, hata kama imebaki nusu.

Kinachoiumiza NiMH ni kule kuimaliza. Chukua tochi ya betri nne. Hata ukizinunua siku moja, pakiti moja, haziwi sawasawa. Moja itaisha kabla ya wenzake. Unaona mwanga umefifia, unaiacha tochi iwake "ili ziishe vizuri". Zile tatu bado zina nguvu, zinausukuma umeme upite kwenye ile iliyokwisha, na volti yake inageuka: upande chanya unakuwa hasi. Ikitoka hapo, mara nyingi ina kilema. Mwanga ukififia, zitoe. Ikiwa kazini, NiMH iliyofika karibu volti 1.0 imeshakupa karibu kila ilichokuwa nacho.

Ndiyo sababu pia sichanganyi nzuri na kuukuu. Zangu nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito, A nne, B nne, C nne, pamoja na mwezi na mwaka wa kuzinunua. Zinatumika pamoja, zinachajiwa pamoja, na zitastaafu pamoja.

Ile ya risasi nayo haitaki kabisa kulala tupu. Salfeti ya risasi huganda kwenye bamba zake na betri haipokei chaji tena. Tochi ya namna hiyo ukiimaliza leo, ichaji leo. Nyingi zinazotupwa hazikuchoka kwa kazi. Zilisahauliwa kabatini zikiwa tupu.

"Volti 1.2 ni chache, kifaa hakitawaka"

Hii ndiyo inayowafanya watu wengi waiache NiMH dukani, kwa kuwa ubavuni imeandikwa 1.2 na alkalini imeandikwa 1.5. Lakini ile 1.5 ni ya siku ya kwanza tu. Alkalini huanza kuteremka tangu inapoanza kazi, kama mtu anayeshuka mlima, hadi karibu 0.9. Ikifika katikati ya maisha yake, nayo iko kwenye 1.2 au chini ya hapo. NiMH ikitoka kwenye chaja huwa karibu 1.4, inatulia kwenye 1.2 na ushee, inatembea tambarare karibu safari nzima, kisha inaporomoka. Kifaa kinachoweza kuinywa alkalini hadi mwisho hakiwezi kulalamikia 1.2.

Kwenye vifaa vyenye pupa, mambo yanapinduka kabisa. Flashi ya kamera au gari la kuchezea linataka umeme mwingi kwa mpigo. Alkalini hushindwa kuutoa haraka na volti yake huzama, wakati NiMH haitingishiki. Nimewahi kuona alkalini "zilizokufa" kwenye kamera zikiendesha saa ya ukutani kwa miezi.

Hata hivyo wasiwasi huo una punje ya ukweli. Kiashiria cha betri kwenye vifaa vingi kimepimwa kwa mteremko wa alkalini. Ukiweka NiMH, kinaweza kusema betri imepungua wakati bado, au kikaonyesha ziko sawa kisha kikazima ghafla. Kwa kufuli la kielektroniki la mlango, kuzima ghafla si jambo la kuchekea. Fuata kijitabu cha kifaa, na kwa king'ora cha moshi kifuate zaidi. Betri ya mraba ya volti 9 nayo isome kwa makini, maana za NiMH huwa na seli (vijibetri vya ndani) sita, saba au nane, kila moja ya 1.2, yaani volti 7.2, 8.4 au 9.6, na zote zinauzwa kwa jina la tisa.

"Namba kubwa ndiyo betri bora"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. AA ya NiMH iliyo ya kweli huwa na kati ya 1900 na 2800 mAh hivi (miliampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri). AAA, mdogo wake, ni kama 700 hadi 1100. Ukikuta AA ya NiMH imeandikwa 4000, hujaokota dhahabu.

Mimi niliziokota. Nne, bei poa, rangi ya kuvutia. Nilipozishika mkononi nikahisi kitu hakipo, nikazipeleka kwenye mizani ya jikoni: gramu 17 kila moja. NiMH yangu nyingine ya ukubwa ule ule ilipima 27. Umeme unahitaji metali ya kuuhifadhi, na metali ina uzito, hewa haichaji. Nikazitia kwenye chaja inayopima ujazo. Ya kwanza ikatoa mia sita na kitu. Nyingine tatu hazikufika hapo. Tangu siku hiyo mizani ndiyo kipimo changu cha kwanza: AA ya NiMH iliyo chini ya gramu 23 hivi naitilia shaka.

Betri za lithiamu za 18650 nazo zina hadithi hiyo hiyo, kubwa zaidi. Jina lenyewe ni vipimo: kipenyo milimita 18, urefu 65. Nzuri zilizozoeleka huishia karibu 3500 mAh. Zilizoandikwa 9900 zimejaa madukani, na namba hiyo ipo kwenye karatasi tu.

Halafu kuna hila ya kiungwana, isiyo uongo. AA za lithiamu huandikwa kwa mWh (miliwati-saa, yaani mAh ikizidishwa kwa volti) badala ya mAh: "3000", kwa herufi nene. Mnunuzi anailinganisha na 2000 ya NiMH na kuona ni mara moja na nusu. Gawanya 3000 kwa volti 1.5, unapata 2000 mAh. Au zidisha 2000 za NiMH kwa 1.2, unapata 2400 mWh. Tofauti iliyobaki ni robo tu.

Hata kati ya NiMH za kweli, mimi huchukua ya 2000 badala ya 2700. Ili kubana ujazo mwingi katika kopo lile lile, kuta za ndani hufanywa nyembamba, na betri hiyo kwa kawaida huvumilia kuchajiwa mara chache zaidi na huvuja chaji haraka ikikaa.

"Ikiingia, itafanya kazi"

Kuna betri ya lithiamu iitwayo 14500, milimita 14 kwa 50. Hayo ni karibu kabisa maumbile ya AA. Inaingia kwenye rimoti bila ubishi, tena kwa volti 3.7, zaidi ya mara mbili ya zile kifaa kilizotarajia. Moshi ukitoka, kosa si la rimoti.

AA ya lithiamu yenye kitundu cha USB ni salama kwa hilo, kwa sababu ndani ina saketi ya kuishusha volti hadi 1.5. Lakini saketi hiyo ina mambo yake. Huweza kuleta mkwaruzo kwenye redio, hasa ya masafa ya kati. Tena hushikilia 1.5 hadi tone la mwisho kisha hukata kama taa. Na isitiwe kamwe kwenye chaja ya NiMH.

Kwa betri nene za D, tazama uzito tena. Baadhi ni AA ndogo iliyovalishwa joho: ganda kubwa, ndani seli ya 2500 mAh. D ya kweli hufika 8000 au zaidi, na ukiishika unajua umeshika kitu.

"Chaji polepole, ndivyo betri inavyodumu"

Nusu kweli. Chaja ya zamani isiyo na akili hupeleka, tuseme, miliampea 200 na haijui betri imejaa au la. Kwa betri ya 2000 mAh hesabu inasema saa kumi, lakini sehemu ya umeme hugeuka joto, hivyo huchukua kama saa kumi na nne. Ukisahau, inaendelea kuipika taratibu. Sharti la "hesabu masaa" lilitoka kwenye chaja hiyo.

Chaja ya kisasa hutazama volti. NiMH ikichajiwa volti yake hupanda, na ikijaa hushuka milivolti chache tu. Chaja ikiuona mshuko huo, inakata. Ila mshuko huo huonekana vizuri kama mkondo una nguvu ya kutosha. Ukiwa hafifu sana unaweza kupita bila kuonekana, na ile polepole uliyoiona ni huruma ikawa ndiyo inayojaza kupita kiasi. Kwa AA mimi huweka ampea nusu hadi moja, saa mbili au nne za kazi. Chaja za dakika kumi na tano zipo, lakini joto lake hula maisha ya betri.

Nunua chaja inayoichaji kila betri peke yake. Zile zinazotaka mbili mbili huzihesabu kama moja, na ile iliyokuwa nusu inajazwa kupita kiasi ikimsubiri mwenzake.

Vidole vyako navyo ni kipimo. Betri kuwa ya vuguvugu mwishoni mwa chaji ni kawaida. Ndiyo alama kwamba imefika. Ikiwa huwezi kuishika, chomoa.

Na alkalini? Usiitie kwenye chaja. Huweza kutoa gesi na kuvuja potasi kali inayokula shaba za kifaa.

"Zihifadhi kwenye friji", "zianike juani"

Joto huihuisha betri iliyochoka kwa muda mfupi kwa kuharakisha kemia yake, kisha huiharakisha kuzeeka. Friji nalo huleta unyevu kwenye vichwa vya betri. Kabati kavu lenye ubaridi wa kawaida linatosha. NiMH inaweza kukaa ikiwa imejaa. Lithiamu hupenda kupumzika ikiwa karibu nusu.

"Betri za kuchaji huisha zenyewe, hazifai rimoti"

Zilikuwa hivyo. NiMH ya zamani iliweza kupoteza robo ya chaji au zaidi kwa mwezi, ikiwa imekaa tu. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ikatoa Eneloop, inayovuja polepole kiasi kwamba baada ya mwaka bado ina sehemu kubwa ya chaji yake, na kampuni nyingine zikafuata. Utazitambua kwa maandishi kwamba zimeshachajiwa, tayari kutumika. Betri isiyoweza kutunza chaji haiwezi kuuzwa ikiwa imejazwa. Kwa rimoti, alkalini itakuendesha mwaka mzima kwa gharama ndogo, sibishi. Mimi niliihama kwa sababu nyingine: alkalini iliyosahaulika huvuja, na nimeshapoteza rimoti mbili kwa ule unga mweupe.

"Chaja imeikataa, basi imekufa"

Chaja janja ikikuta volti iko chini sana huweza kudhani hakuna betri, au kuna alkalini, na kukataa kuanza. Kwa NiMH, itie ile isiyopokelewa kwenye chaja ya zamani kwa dakika tano au kumi, ukiwa umekaa karibu, kisha irudishe. Nyingi huamka. Ikikataa mara ya pili, au ikipata joto kali mapema, iache iende.

Kwa lithiamu usijaribu ujanja huo. Lithiamu iliyoshuka sana au iliyovimba haifufuliwi. Bandika utepe wa plastiki kwenye ncha zake zote mbili ili isigusane na metali nyingine, iweke mbali na vinavyoshika moto, na uipeleke panapopokelewa betri kuukuu.