Tuzo ya shaba: wiki ya tisa ndo inapowakwamisha

Assalam aleikum jamani. Wiki hii nimepigiwa simu na wazazi watatu na wote swali lao moja: mwalimu, mtoto kashaenda ile safari, kalala kwenye hema, karudi na matope hadi masikioni, mbona cheti cha tuzo ya shaba hakijaja? Kila mmoja nlimjibu kwa simu, ila naona bora niandike hapa kwa urefu wengine nao wasome, maana suala hili kila mwaka linarudi na kila mwaka kuna watoto wazuri kabisa wanaachia njiani wakati wamebakisha kidogo mno.

Kwa msionijua, mie nnasomesha sekondari hapa Pemba na ndo lida wa tuzo kwenye skuli yetu, yani ndo ninayewaandikisha vijana, nawatafutia watu wa kuwasimamia na nawafuata nyuma mpaka wamalize. Jina kamili la tuzo hii ni Tuzo ya Kimataifa ya Duke of Edinburgh. Wazazi wengine wakisikia hilo jina wanasita, wanauliza hii ya kanisa, ya chama, au vipi? Haina dini wala siasa. Ilianzishwa Uingereza 1956 na Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, ndo huyo Duke of Edinburgh mwenyewe, na fikra yenyewe aliichukua kwa mwalimu wake wa skuli huko Uskochi, Mjerumani mmoja akiitwa Kurt Hahn ambaye aliamini kijana anajengeka kwa kufanya mambo kwa mikono na miguu yake na kwa kuwatumikia wenziwe, sio kwa vitabu peke yake. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa John Hunt, yule aliyeongoza msafara uliofika kileleni Everest 1953. Mwanzo ilikuwa ya wavulana tu wa miaka 15 hadi 18, wasichana wakaanza 1958, na leo iko kwenye nchi nyingi duniani kwa vijana wa miaka 14 hadi 24. Jirani zetu wa Kenya wao wanaiita President's Award. Ni kitu kilekile.

Kuna ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Mie leo nnazungumzia shaba kwasababu ndo wanayoanza nayo wengi. Ina sehemu nne, huduma kwa wengine, ujuzi, mazoezi ya mwili na hiyo safari. Zile tatu za mwanzo kila moja unaifanya miezi mitatu, wastani wa saa moja kwa wiki, na moja kati ya hizo unayoichagua mwenyewe unaiendeleza miezi mitatu mengine, kwa hivo haraka yote ya dunia huwezi kumaliza chini ya miezi sita. Safari ni siku mbili na usiku mmoja. Sasa pigeni hesabu wenyewe, siku mbili hizo ndo zenye picha, ndo zinazowekwa status, ndo mzazi anazozikumbuka, lakini tuzo yenyewe iko kwenye zile wiki kumi na tatu za kila sehemu ambazo hakuna anayekupiga picha.

Na mie kwa miaka niliyokaa na hawa watoto nimeona wanakwama pahala pamoja, wiki ya nane, ya tisa hivi. Wiki za mwanzo kila mtu ana moto, anakuja ofisini hata hujamwita. Alafu unaingia mtihani wa katikati ya muhula, au mvua za masika zinaanza kiwanja kinakuwa bwawa, au msimu wa karafuu umefika na kila mkono unahitajika nyumbani kuchambua na kuanika, au kuna harusi ya dada na wiki nzima nyumba haina usingizi. Anaruka wiki moja, anaruka ya pili, ya tatu anaona haya kuja kwangu, ya nne ananipita korido ya nyuma. Mwanangu, usione haya! Tuzo haisemi ukikosa wiki mbili umefeli. Muda unasogea mbele tu, unaendelea pale ulipoachia. Nimekuwa na kijana alisimamisha mpira mwezi mzima wa Ramadhani, tukaandika kwamba kasimama, baada ya Idi akaendelea na akamaliza bila tatizo lolote. Kinachoua ni kunyamaza.

La pili linaloua ni daftari, na hapa naomba wazazi mnisaidie kwa kweli. Rekodi rasmi zinajazwa mtandaoni, lakini bando zetu nyote mnazijua, kwa hivo mie kila mtoto namtaka awe na daftari dogo la kuandika siku ileile, alafu siku ya maabara ya kompyuta tunahamisha. Kila mwaka naletewa madaftari yaliyoandikwa wiki sita kwa usiku mmoja, wino ule ule, mwandiko ule ule, na kila mstari "leo nlicheza nage, nlicheza vizuri". Sasa mtu atie saini kitu gani hapo?

Nkuonesheni ukurasa mmoja wa binti wa fomu two, kanipa ruhusa niunakili. Huduma yake ilikuwa kuwafundisha kusoma watoto wa darasa la pili kila Jumamosi asubuhi. Aliandika hivi: "Leo yule anayechanganya b na d nlimchorea kwenye mchanga, b ana tumbo mbele, d ana tumbo nyuma. Kapata mara tatu kwa tano. Wiki ijayo nije na ile kitabu chenye picha kubwa." Basi. Mistari michache tu. Lakini mimi nikiisoma namuona yule mtoto, nauona mchanga, na namuona binti mwenyewe anafikiria wiki ijayo afanye nini, na hicho hasa ndo tuzo inachokitafuta. Nlipoisoma mara ya kwanza nlikaa nayo kimya pale mezani, maana wiki tatu nyuma huyu huyu alikuwa anataka kuachia.

Tukija kwa wasimamizi, sisi tunawaita asesa. Kila sehemu ina asesa wake, mtu mzima anayekijua kile kitu, naye hatakiwi kuwa mzazi wako wala kaka yako. Kazi yake akufuatilie tangu mwanzo na mwisho aandike maneno mawili matatu kuhusu ulivyoendelea. Kosa kubwa nililowahi kufanya kama lida liko hapa. Kijana wangu mmoja alicheza mpira miezi mitatu hajakosa hata wiki, kocha anampenda, mie nikawa nasema saini tutachukua mwisho, hakuna haraka. Kocha akahamishwa Unguja ghafla, simu ikawa haipatikani, na yule mtoto miezi mitatu yake ikawa haina shahidi. Tulihangaika wiki tano kumpata, na katika hizo wiki tano nlimuona mtoto anavyopoa kila akiniuliza nikamwambia bado. Alimaliza alhamdulillah, lakini toka siku hiyo saini ndogo tunachukua kila mwisho wa mwezi kwenye daftari, na mwanafunzi yeyote anayesoma hapa ambaye lida wake hamtaki saini ya kila mwezi, aichukue mwenyewe.

Sasa maswali ya nini kinahesabiwa, ambayo naulizwa mpaka sokoni.

Nage inahesabiwa? Ndio, ni mazoezi ya mwili kabisa, alocheza nage jua la saa kumi anajua. Ila ujiwekee lengo, kwa mfano ulikuwa unachoka baada ya raundi mbili, unataka ufike nne. Kuchuma karafuu za babu? Hapana, si huduma. Huduma ni ya kujitolea, bila ya malipo, na kwa watu wasiokuwa familia yako, hata kama babu ana miaka themanini na anakuhitaji kweli, hiyo ni wajibu wako na Mungu atakulipa lakini kwenye rekodi haingii. Kuwasomesha watoto wadogo chuo cha Kurani inaingia, ilimradi hulipwi na maalim wako anajua na atasimama kama asesa. Kupanda mikoko na kikundi cha shehia inaingia. Kusuka ukili ni ujuzi, kushona kofia ya viua ni ujuzi, na hii ya kofia nna kijana sasaivi anajifunza kwa mzee mmoja jirani yao, wiki ya kwanza alikuwa anachoma kidole kuliko kitambaa, wiki ya kumi na moja kaniletea kofia nusu imejaa, vitundu vimekaa safu moja kama vimepimwa kwa rula, akaniambia mwalimu hii nataka nimalize kabla ya maulidi niivae. Hakuna mtu anayemlazimisha tena yule.

Kuhusu safari nitasema machache, maana wazazi hasa wa watoto wa kike ndo wanapoogopa, na nawaelewa. Mama mmoja alikuja skuli kabisa, kakaa, akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu atalala wapi na atalala na nani?" Nikamwambia bi mkubwa, wasichana na hema zao, wavulana na zao mbali, walimu wawili wa kike wanalala palepale, sheha ana majina yote na tunapiga kambi uwanja wa skuli, hatulali msituni. Akasema basi nioneshe kwenye ramani. Nikamuonesha. Mama yule mwaka wa pili akaja kunisaidia kuzungumza na wenziwe.

Sheria ya safari ni kundi la watu wanne hadi saba, wanakwenda kwa nguvu zao wenyewe, hakuna kupanda gari, na kwa shaba ni angalau saa sita za kazi kila siku. Hawapimi kilomita. Lazima kwanza iwepo safari ya majaribio, na safari iwe na lengo, si kutembea tu. Kundi la mwisho lilianzia Konde, likapita msitu wa Ngezi, likatokea Vumawimbi na siku ya pili wakafika mnara wa Kigomasha, lengo lao lilikuwa kuandika majina ya miti kama wazee wa huko wanavyoiita na kila mti wanautumia kwa nini. Sisi walimu tunakuwa nyuma kwa mbali, tunawaona lakini hatuwaambii njia. Wali wao wa usiku uliungua chini na juu mbichi, wakaula wote. Asubuhi nani aamke mwanzo kuwasha moto? Waligawana kazi bila kuniuliza, na mie hapo nlijua kundi hili liko sawa. Wakirudi wanatoa ripoti mbele ya wenzao, na asesa wa safari anakuwa mtu ambaye hakuwafundisha, ili ahukumu kwa haki.

Kuna jambo moja linawasumbua watoto wetu na sijui lini litatoka vichwani. Wanauliza, mwalimu, mie nimekuwa wa ngapi? Hakuna wa ngapi. Skuli zetu zimewazoesha nafasi, wa kwanza, wa kumi, wa mwisho, na mtoto wa thelathini na nane darasani anaingia kwenye tuzo keshajihesabu kashindwa. Humu unashindana na ulivyokuwa jana. Alokuwa hawezi kuogelea hata pumzi moja akafika kuvuka hori, kamaliza sawasawa na yule anayekimbia kama swala. Nimeona watoto wa nafasi za chini kabisa wakimaliza kabla ya wale wa kwanza, kwasababu wao wamezoea kuendelea hata pasipo na mtu wa kuwapigia makofi.

Kwa wale watoto wangu ambao wameachia wiki ya nane ya tisa na wanasoma hii: Jumatatu saa saba na nusu baada ya masomo nipo ofisini, njooni na daftari hata kama kurasa nne zitakuwa tupu, tutaandika tarehe uliyosimama, tutaandika tarehe unayoanza tena, na asesa wako nitampigia simu mie mwenyewe ukiwa umekaa hapo.