Manusura wa Kiyazidi: asimulie mara ngapi?

Mwanamke wa Kiyazidi, jamii ndogo ya kaskazini mwa Iraki yenye dini yake, aliyeponyoka mikononi mwa kundi la wapiganaji la IS (Dola la Kiislamu) huulizwa yaliyompata na askari aliyempokea, halafu daktari, mwandishi wa habari, mpelelezi, mwisho karani wa fidia. Kila mmoja anataka aanzie mwanzo. Sisi washauri nasaha tunajua kinachoweza kutokea mara ya tano: macho yanaganda ukutani, mikono inapoa, maneno yanatoka kana kwamba anasoma habari za mtu mwingine.

IS walivamia Sinjar, kaskazini mwa Iraki, tarehe 3 Agosti 2014. Waliua wanaume kwa makundi, wakateka wanawake na watoto zaidi ya 6,000. Wengi waliuzwa, kisha wakauzwa tena. Zaidi ya 2,000 bado hawajulikani waliko.

Machi 2021 bunge la Iraki lilipitisha Sheria ya Manusura wa Kiyazidi: malipo ya kila mwezi, kiwanja, nafasi ya kurudi shule, asilimia 2 ya ajira za serikali, na matibabu ya mwili na akili. Wakristo, Waturukimeni na Washabaki, jamii nyingine ndogo za Iraki, waliofanyiwa ukatili huo huo nao wamo. Ni sheria nzuri. Kasoro iko mlangoni, maana waombaji walikuja kudaiwa wafungue kwanza jalada la jinai. Basi anarudi kueleza upya, mbele ya watu wanaoandika kwa Kiarabu, ilhali lugha yake ni Kikurmanji, lahaja ya Kikurdi. Na kwa wengine Kiarabu ndicho alichozungumza aliyewanunua.

Mahakama hupenda tarehe. Aliyeumizwa hivi mara nyingi hana tarehe. Ana harufu ya dizeli, rangi ya pazia, mlio wa funguo. Wakili asiyelijua hilo atasema shahidi anajichanganya. Anayelijua atauliza: baridi ilikuwa imeanza? Mwanao alikuwa anatambaa au anatembea? Hapo mfuatano hujitokeza wenyewe, na jalada linapata nguvu.

Ushahidi wa namna hiyo huzaa hukumu. Novemba 2021 mahakama ya Frankfurt ilimfunga maisha Taha al-Jumailly, mfuasi wa IS, kwa mauaji ya kimbari, kwa kumfunga mtoto wa Kiyazidi wa miaka 5 kwenye jua la Fallujah hadi akafa. Mama wa mtoto alisimama kizimbani akaeleza.

Wakongo wana la kutufundisha hapa. Katika hospitali ya Panzi, Bukavu, ya Denis Mukwege (aliyepata Nobeli ya 2018 pamoja na Nadia Murad, Myazidi), tiba, ushauri na msaada wa kisheria huenda pamoja, mgonjwa asizungushwe.

Kwa hiyo ukiandikisha maelezo ya manusura, mweke karibu na mlango, na mlango usifungwe kwa ufunguo. Mwulize anataka mkalimani mwanamke au mwanamume, na kama amewahi kuhojiwa. Kama maelezo yapo, na ameridhia, soma hayo kwanza. Uliza yaliyopungua tu.