Ganzi ya kemo na ile mashine ya kutetemesha miguu

Mama mmoja aliingia kwangu na ndala moja. Ya pili ilimvuka kwenye ngazi, hakujua. Alikuwa na miezi miwili tangu amalize paclitaxel, dawa ya kemo (tibakemikali), kwa saratani ya matiti. "Mwanangu, nakanyaga sufi," akaniambia. Kisha akanionyesha kwenye simu mashine ya kutetemesha miguu: anunue?

Ndani ya kila neva mna njia ndogondogo zinazosafirisha mahitaji yake kutoka karibu na uti wa mgongo hadi vidoleni, safari ya karibu mita nzima. Paclitaxel huzikaza njia hizo, usafirishaji ukakwama. Ndiyo maana neva ndefu huumia kwanza: ganzi huanzia vidole vya miguu na kupanda kama soksi, mikono ikafuata. (Oxaliplatin, dawa nyingine ya kemo, ina vituko vyake, ganzi yake huweza kuzidi hata baada ya dripu ya mwisho.)

Nyayoni kuna vipokezi vya mtikisiko. Ndivyo ninavyovipima kwa uma wa chuma unaotetemeka mara 128 kwa sekunde, nikiugusisha kwenye kidole gumba. Mtu akisimama juu ya jukwaa linalotetemeka, vipokezi hivyo na vile vya misuli hupeleka taarifa mfululizo, na misuli hujibu bila kuamriwa.

Mwaka 2024 mtafiti Fiona Streckmann na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 158 nchini Ujerumani. Kati ya waliopata huduma ya kawaida tu, karibu 71% walipata madhara ya neva. Waliopanda jukwaani, 41%. Waliofanya mazoezi ya kujisawazisha, 30%. Mashine haikuuzidi mguu mmoja uliosimama! Tena hao walianza sambamba na kemo, wakitumia oxaliplatin au dawa za jamii ya vincristine. Mama alikuwa ameshamaliza, na dawa yake ni nyingine.

Nikamwambia asinunue. Hata ya bure, mwenye saratani iliyoingia mifupani, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) zilizoshuka au damu iliyoganda mguuni asiipande bila daktari wake kuridhia.

Tukakunja mkeka mnene, akashika meza: mguu mmoja, sekunde 20, mara tatu, kisha wa pili. Maji ya kuoga apime kwa kiwiko. Nyayo azikague kila usiku. Na ndala aziache, avae viatu vyenye mkanda wa nyuma.

Ile iliyopotea mjukuu wake aliikuta ngazi ya tatu.