Fulu, mbuna na tangi la futi mbili: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kisumu hakuna asiyejua samaki, na shida inaanzia hapo. Weka tangi la kioo sebuleni uone: kila mgeni ana ushauri, maana amekula ngege na fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, tangu utotoni. Sikilidi, wale samaki wa rangi wanaofugwa nyumbani, ni wa ukoo huohuo. Ila kumjua samaki kwenye sufuria ni jambo moja, kuishi naye ni jingine.

“Wote ni wa Afrika, watasikizana tu.”

Nami niliamini hivyo. Tangi langu lilikuwa la futi mbili, lita 54 hivi, nikalijaza mbuna watano wa rangi tano. Mbuna ni samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, na kazi yao kutwa ni kugombania mwamba. Auratus, mwenye milia ya manjano na nyeusi, alilitwaa pango la pekee nililokuwa nimelipanga. Wiki ya pili ilipoisha, wenzake walikuwa wamebanana juu kwenye kona, nyuma ya bomba la chujio, mapezi yamechanika kama jani la mgomba lililopigwa na upepo.

Anza kwa kuuliza samaki ametoka ziwa gani. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake (kipimo cha asidi) ni karibu 9. Ya Nyasa huwa kwenye 8 hivi. Ya Viktoria ni laini kuliko hayo. Halafu uliza tabia, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi.

“Basi punguza, watatulia.”

Jirani alinishauri hivyo, nami nikamtii. Walipobaki wawili, mkorofi akawa na mmoja tu wa kufukuza, asubuhi hadi usiku. Wafugaji wazoefu hufanya kinyume: huweka mbuna wengi ili hasira igawanyike, dume mmoja kwa majike watatu au zaidi, wala si wawili wawili kama kwenye safina ya Nuhu. Lakini hilo linataka tangi la futi nne, lita 200 hivi, na chujio lenye nguvu. Kwa futi mbili, mbuna waache.

“Tangi likiwa dogo, samaki hakui.”

Kifaranga cha tilapia ulichopewa bwawani kitataka kupita sentimita 30. Kikidumaa, ni maji machafu yanayokiumiza.

“Ameacha kula, ni mgonjwa.”

Siku moja shemeji alisimama mbele ya tangi na kapsuli ya dawa mkononi, tayari kuifungua majini. Jike la fulu lilikuwa halijagusa chakula siku kumi, kidevu kimevimba, mdomo ukitafunatafuna hewa. Nikamshika mkono. Fulu jike huatamia mayai mdomoni, wiki mbili hadi tatu, na muda huo hagusi chakula. Siku chache baadaye alifunua mdomo vikatoka vitu vidogo vyenye macho tu. Kivuli cha mkono wangu kilipopita, vyote vikarudi ndani kama vimevutwa na uzi.

“Fulu ni fulu, changanya.”

Hili ndilo linaloniuma. Majike wa fulu wengi ni wa kijivu na wanafanana. Madume ndio wenye rangi, na jike huchagua kwa rangi. Palipo na maji yaliyochafuka ziwani, rangi hazionekani vyema, na aina zilizo karibu huzaliana ovyo. Tangini hutokea vilevile jike akikosa dume wa aina yake. Kuna fulu wa upande wa Tanzania, mwenye mgongo mwekundu, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere: Pundamilia nyererei. Usimweke na ndugu yake wa rangi ya buluu. Mbuta, yaani sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, aliingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi mno za fulu zilikuwa zimetoweka. Waliobaki tusiwavurugie ukoo sebuleni.

“Basi tangi dogo halifai kitu.”

Linafaa, ukiridhika na aina moja. Mimi sasa nina multifasciatus sita, sikilidi wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya maganda ya konokono, hata sentimita tano hawafiki. Maji ya mfereji nayaacha kwenye ndoo siku nzima klorini iondoke, na chujioni nimeweka matumbawe yaliyosagwa ili maji yawe magumu. Sakafu ni mchanga wa vidole vitatu, na juu yake maganda ya konokono yaliyochemshwa, mawili kwa kila samaki. Kila mmoja amechimba akalizika ganda lake hadi umebaki mlango tu. Mwenzake akisogea, hubeba mchanga mdomoni na kwenda kuumwaga mlangoni kwa jirani. Jirani hutoka, huuzoa, huurudisha.